Maswali ya wasomaji: Mkaguzi anaposema uvumbuzi wako "ni dhahiri"

Barua za hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mwezi huu zimekuwa 3, na zote zinazunguka neno moja: dhahiri. Mkaguzi wa ofisi ya hataza akiona uvumbuzi ni dhahiri, anaunyima hataza. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye barua ana muda mfupi na ana kitu mkononi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa mashine, Mbagala. Nimetengeneza mbuzi ya umeme ya kukunia nazi. Mashine nyingine kisu kikishamaliza nyama kinaingia kwenye kifuu, nazi inatoka na vipande vya kahawia na tui linachafuka. Kwenye yangu kisu kimekalia springi, kikigusa kifuu kinarudi nyuma. Binamu yangu aliyeko Marekani aliniombea hataza kule kabla sijaanza kuuza. Mkaguzi amekataa mara mbili. Anasema ipo hati ya zamani ya mashine ya kukuna nazi yenye mota, na ipo hati nyingine ya kifaa cha kukwangua kutu ndani ya mabomba ambacho visu vyake vimekalia springi, kwa hiyo fundi yeyote angeziunganisha. Mama, nimehangaika miaka 3, nimeunguza mota 11. Mpaka sasa nimeuza mashine 140. Ingekuwa dhahiri, ningeunguza mota zote hizo? Nataka kukata rufaa. Nianzie wapi? — Fundi wa nazi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Nazi nimeanza kukuna nikiwa na miaka 7, kwa bibi yangu Ilala, kwenye mbuzi ya kukalia. Bibi alikuwa jikoni, mimi uani, na mlio ukibadilika kidogo tu nilikuwa nasikia sauti yake: "Umefika kwenye kifuu, zungusha!" Shida unayoisema naijua mkononi. Natamani ushinde, na kwa sababu hiyo nitakueleza na yale ambayo hutapenda kuyasikia.

Mota 11 ziache karakana. Sheria ya hataza ya Marekani, tangu ilipoandikwa upya mwaka 1952, inasema kwamba namna uvumbuzi ulivyopatikana haimnyimi mtu hataza. Aliyehangaika miaka 3 na aliyezinduka usingizini usiku mmoja akiwa na jibu kamili wako sawa mbele ya sheria. Hilo linamlinda mwenye bahati, lakini pia lina maana kwamba jasho lako peke yake halithibitishi kitu. Ukiniambia kuna mafundi wengine waliojaribu kuzuia kisu kisile kifuu wakashindwa, hapo nitakaa sawa kukusikiliza. Mota walizounguza wenzako zina uzito kuliko za kwako.

Halafu elewa nani anayeulizwa. Si wewe, na si mkaguzi. Sheria inamtengeneza fundi wa kufikirika, mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile, na inamchukulia kwamba amezisoma hati zote zinazohusu kazi yake zilizokuwepo kabla ya maombi yako. Hakuna fundi wa namna hiyo Mbagala wala Chicago. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, ilimwongezea fundi huyo akili kidogo. Kesi ilihusu pedali ya gari inayosogezeka, iliyounganishwa na kihisio cha elektroniki. Majaji walisema fundi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida, si roboti, na vitu viwili vinavyojulikana vikiunganishwa kila kimoja kikaendelea kufanya kazi ileile kiliyokuwa kikifanya, mara nyingi huo si uvumbuzi. Mkaguzi wako anasimama juu ya kesi hiyo. Usimdharau, hajakosea sheria.

Anapoweza kuwa amekosea ni kwenye springi.

Kabla ya kufika huko, nieleze kinachopimwa. Kipimo kinatoka kwenye kesi ya mwaka 1966, Graham dhidi ya John Deere, iliyohusu plau ya kulimia. Wanauliza: hati zilizotangulia zinasema nini hasa? Uvumbuzi unaodaiwa unatofautiana nazo wapi? Fundi wa kawaida wa kazi hiyo ana kiwango gani? Tena wanaangalia mambo ya nje: kama bidhaa imeuzika, kama hitaji lilikuwepo muda mrefu bila kupata dawa, kama wengine walijaribu wakashindwa. Mzigo wa kwanza uko kwa mkaguzi. Haruhusiwi kusema tu "ni dhahiri". Lazima atoe sababu inayosimama juu ya ushahidi kwa nini fundi yule angechukua hiki akakiweka pale.

Hatari kubwa ni ile ya kitendawili. Ukimtegea mtoto "nyumba yangu haina mlango" atahangaika, lakini ukishamwambia ni yai, ataapa alikuwa anajua. Mkaguzi amesoma maombi yako kwanza, kisha ndiyo akaenda kutafuta hati. Jibu alikuwa nalo kabla ya swali. Bodi, yaani bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza, inaijua hatari hiyo, na mawakili wanaililia kila siku, lakini kulia tu kwamba mkaguzi ameangalia nyuma hakukushindii rufaa. Onyesha mahali ambapo hati zake zenyewe hazisemi anachosema.

Sasa springi. Fungua tena ile hati ya mabomba. Kifaa cha kukwangua kutu kinaweka springi ili visu visukumwe kwa nguvu kwenye ukuta wa bomba, maana kutu ni ngumu na haitoki bila kubanwa. Springi yake inakisukuma kisu kwenda kwenye kitu kigumu. Ya kwako inakiruhusu kisu kukikimbia kitu kigumu. Ukiichukua springi ya bomba kama ilivyo ukaiweka kwenye mbuzi, itabana kisu kwenye kifuu, na utapata tui chafu kuliko la mashine ya zamani. Mkaguzi ameona neno "springi" kwenye hati mbili akadhani ni kazi moja. Kama hati inasema hivyo kweli (nisomee mwenyewe, mstari kwa mstari, usiniamini mimi niliyesoma muhtasari wako), hiyo ndiyo hoja yako kuu.

Na ina mfano wake. Mwaka 1984, katika rufaa ya Gordon, mtu aliomba hataza ya kichujio cha damu cha hospitali. Mkaguzi alichukua hati ya kichujio cha petroli akasema: kigeuze juu chini, umepata hicho. Bodi ikakubaliana na mkaguzi. Mahakama ya rufaa ikauliza swali la fundi: ukikigeuza, kitafanya kazi? Hakitafanya. Petroli ingenaswa ndani, maji yangetoka badala yake, na uchafu ungeziba chujio. Uamuzi ukabatilishwa.

Hoja ya pili ni kama fundi wa nazi angefika kabisa kwenye hati ya mabomba. Sheria inasema hati ihesabike ikiwa inatoka kwenye fani ileile, au ikiwa inahusu tatizo lilelile kiasi kwamba mvumbuzi angeitafuta. Hapa mahakama imeenda pande zote mbili. Mwaka 2004, katika rufaa ya Bigio, brashi ya nywele ilipimwa kwa hati za miswaki, na mahakama ikaridhika kwamba umbo na kazi vinakaribiana vya kutosha. Mwaka 2011, katika rufaa ya Klein, mtu alibuni chombo cha kuchanganyia maji na sukari kwa ajili ya ndege na vipepeo, chenye kizuizi cha kuchomoa kinachopima uwiano. Mkaguzi alileta hati 5, baadhi zikiwa za droo na visanduku vya kutenganisha vitu vigumu. Mahakama ikasema mtu anayehangaika na kuchanganya maji na sukari asingeenda kutafuta droo za kutenganishia vitu. Klein akashinda. Wewe uko katikati ya mswaki na ndege. Kukwangua ni kukwangua, na majaji wanaweza kukupeleka upande wa mswaki. Iweke hoja hii, ila isiwe ya kwanza.

Usipoteze karatasi kusema "mimi nilitaka tui jeupe, mkaguzi anazungumzia kisu kisivunjike". Tangu 2007 sababu ya mkaguzi si lazima ifanane na ya kwako. Fundi akiwa na sababu yoyote ya maana ya kufika palepale, inatosha.

Lile la bibi yangu nalo lina makali pande mbili. Kila aliyekuna nazi pwani hii anajua kifuu ni adui. Mkaguzi atasema: shida ilijulikana, kwa hiyo fundi alikuwa na sababu ya kuitatua. Wewe utasema: shida ilijulikana na watu wameuza mbuzi za umeme miaka yote hiyo, mbona hakuna aliyeitatua? Atakayeleta tarehe na mashine zenyewe ndiye atakayesikilizwa. Pita Kariakoo, piga picha mashine zinazouzwa, andika zilianza kuuzwa lini kwa kadiri muuzaji anavyoweza kuapa.

Mashine zako 140 je? Zina thamani tu ukionyesha watu walinunua kwa sababu ya kisu kinachorudi. Kama walinunua kwa sababu unauza bei nafuu au unamjua kila mama ntilie wa Mbagala, hazikusaidii. Watafute wateja kama 5, waulize kwa nini waliacha mashine ya zamani, na majibu yao yawekwe kwenye kiapo. Lakini kiapo hicho kiingie kwa mkaguzi kabla hujawasilisha taarifa ya rufaa. Baada ya hapo mlango wa ushahidi mpya ni mwembamba mno.

Sasa nikuambie jambo linaloniuma mpaka leo. Miaka mingi nyuma niliandaa rufaa ya mteja, nikisaidiana na wakili wa hataza aliyeko kule. Kurasa 31. Niliandika kwa moyo wangu wote juu ya kifaa chake: kilivyo kizuri, kilivyopokelewa, kilivyobadilisha kazi ya watu. Tukashindwa, na haki kabisa. Bodi haisomi kifaa, inasoma madai, yaani yale maneno yaliyohesabiwa namba mwishoni mwa maombi. Dai lake la kwanza lilikuwa pana kama mlango wa godauni. Dai la 6 lilikuwa na kile kitu chenyewe, na mimi sikulitetea chini ya kichwa chake. Kanuni ni kwamba madai usiyoyatetea peke yake yanasimama au kuanguka pamoja na lile moja litakaloteuliwa. La kwanza lilipoanguka, la 6 likaenda nalo. Yule baba hakunilaumu, na hilo ndilo lililonifundisha kusoma madai kwanza.

Kwa hiyo nilipofungua karatasi ulizonitumia nilianzia mwisho. Dai lako la kwanza linasema "kisu kilichokalia springi". Basi. Kwa maneno hayo mkaguzi yuko karibu na haki, kwa sababu dai halisemi springi inafanya nini. Dai lako la 4 linasema springi ina nguvu ya kutosha kukuna nyama ya nazi lakini isiyotosha kukwangua kifuu. Mwanangu, uvumbuzi wako uko pale. Mota 11 ulikuwa unaitafuta springi hiyo.

Ushauri wangu: usikate rufaa bado. Mwambie binamu amtafute wakili wa hataza, alipie uendelezaji wa ukaguzi (mkaguzi ayaangalie tena maombi aliyoyakataa), ahamishie maneno ya dai la 4 kwenye la kwanza, na aambatanishe viapo pamoja na maelezo ya tofauti ya springi mbili. Mkaguzi akikataa tena, hapo nenda Bodi ukiwa na faili safi. Kule kesi inasikilizwa na majaji wasiopungua 3, wenye sheria na ufundi. Baada ya taarifa ya rufaa una miezi 2 ya kuleta hoja za maandishi, mkaguzi anajibu, nawe una nafasi ya kumjibu. Hawaanzi kukagua upya. Wanaangalia kosa ulilowaonyesha kwa kidole, na hoja uliyoiacha kuisema unahesabiwa umeiacha. Ukishindwa hapo, ipo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho kule Washington, ndiyo iliyoamua hizo za Gordon, Bigio na Klein.

Ukifikiria Ulaya baadaye, Kiswahili kinakusaidia kuliko lugha nyingi. Bodi za Rufaa za Ofisi ya Hataza ya Ulaya zinachukua hati iliyo karibu zaidi na uvumbuzi, zinatafuta tatizo la kiufundi linalobaki, kisha zinatenganisha maneno mawili: angeweza na angefanya. Fundi angeweza kuweka springi, sawa. Je, angeiweka, akiwa na hati hizo mbele yake na tatizo hilo kichwani? Ni la pili tu linalokuangusha.

SWALI: Nauza mafuta ya kupima gengeni Tandika. Nimebuni kifuniko cha dumu chenye kikombe ndani, ukiliinamisha dumu linatoa kipimo kimoja halafu linaacha. Mume wangu anasema hata mtoto angeweza kubuni hicho, nisijisumbue. Kitu rahisi kinapata hataza? — Mama wa genge

JIBU: Kinapata, dada yangu. Urahisi na udhahiri ni vitu viwili. Mwingereza Mandy Haberman alibuni kikombe cha mtoto kisichomwaga, chenye vali ndogo iliyochanwa mwanya. Washindani walidai ni dhahiri. Mwaka 1999 Jaji Laddie wa Uingereza alikataa: watengenezaji walikuwa na hitaji hilo muda mrefu na vifaa vyote vilikuwepo, kama ni dhahiri mbona hawakufanya?

Lakini mumeo naye asikilizwe, maana imewahi kutokea kwamba ni mtoto kweli. Hataza ya ubao wa tanga ilianguka Uingereza mwaka 1985 kwa sababu mwaka 1958 mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alishajitengenezea wake na kuuendesha mbele za watu kisiwani Hayling. Wake ulikuwa wa kienyeji zaidi, mahakama ikaona hatua ya kutoka kwake kufika kwenye ule wa hataza haikuhitaji uvumbuzi.

Wasiwasi wangu kwako uko hapohapo. Vifuniko vinavyopima kipimo vipo kwenye chupa za dawa na sabuni za maji. Kabla hujatoa hata shilingi, mpe mwanao simu atafute bure kwenye Espacenet na Patentscope, hifadhi za hati za hataza mtandaoni. Ukikuta vinavyofanana, jiulize mafuta ya kula yalikulazimisha kufanya nini ambacho sabuni haihitaji: unene wake, tone la mwisho linalochuruzika, dumu la lita 20 lisiloinuliwa kirahisi. Andika hayo. Kama kifuniko ni kipya ila hatua ni ndogo, sheria yetu ina cheti cha matumizi, ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi. Upya tu na kutumika kwenye kazi.

SWALI: Hapa kwetu nikikataliwa nakata rufaa wapi? — Mwanafunzi, Ubungo

JIBU: Kwa Tanzania Bara, hataza iko chini ya sheria ya mwaka 1987, Sura ya 217, na Msajili yuko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kipimo ni kilekile: uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani, kwa kutazama yaliyojulikana siku ulipowasilisha maombi. Uamuzi wa Msajili unapingwa Mahakama Kuu. Zanzibar ina sheria yake.

Kama uliomba kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, chini ya itifaki ya mwaka 1982, unaweza kuomba ofisi ile iangalie upya, na iko Bodi yake ya Rufaa. Ipo pia njia ambayo watu wanaisahau: ndani ya miezi 3 unaweza kuomba maombi yako yahesabiwe kuwa maombi ya kitaifa katika nchi uliyoitaja. Miezi hiyo inahesabiwa tangu ulipojulishwa kwamba umekataliwa, kwa hiyo nitumie nakala ya barua yenye tarehe yake, nami nitakujibu bila kusubiri toleo lijalo.